Kuwaachisha Ziwa Watoto wa Mbwa

  

Mara nyingi katika mazungumzo yetu huwa tunasema habari za ng'ombe wa maziwa, za migomba na za kahawa. Leo tumgeukie mfanyakazi mmoja ambaye hana mshahara, hana likizo, na mara nyingi hata chombo cha kulia hana. Huyo ni mbwa wa nyumbani. Tutazungumza juu ya jambo moja tu: namna ya kuwaachisha ziwa watoto wake na kuwazoesha chakula kigumu bila kuwaua.

Nasema bila kuwaua, maana ndivyo inavyotokea katika nyumba nyingi. Mbwa jike anazaa watoto sita, wote wazima, wanene, wananyonya barabara. Haupiti mwezi na nusu, wanaanza kuhara. Matumbo yanavimba kama vibuyu huku mbavu zinahesabika. Mmoja anakufa leo, mwingine kesho kutwa, na mwishoni anabaki mmoja au hakuna. Mwenye mbwa anasema, "Aa, ndiyo maisha ya mbwa hayo." Mwingine anasema kuna mtu kawatazama kwa jicho baya. Kumbe si jicho la mtu. Chakula kilianza mapema mno, au kilianza ghafula, au kilikuwa ugali mtupu. Na tangu mwanzo minyoo ilikuwa imekwisha jaa tumboni. Mambo hayo yote yamo mikononi mwako.

KWA NINI HABARI HII INAKUHUSU

Hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho mpaka Marangu, Mwika na Rombo, nyumba imekaa katikati ya kihamba na migomba imeizunguka pande zote. Usiku wa giza mtu anaweza kusimama hatua kumi kutoka mlangoni pako, nawe usimwone. Mbwa ndiye anayejua. Anabweka mwizi akija kukata mkungu wa ndizi au kufungua banda la ng'ombe. Mchana anawazuia nguchiro wasimalize vifaranga. Na ninyi mnaopakana na msitu, mnajua wenyewe kazi anayoifanya ngedere na nyani wanapoteremkia mahindi.

Lakini mbwa huyo huyo akilelewa kwa njaa, faida yake inageuka kuwa hatari. Mbwa mwenye njaa hakai nyumbani. Anazurura sokoni na kwenye machinjio, anagombana na mbwa asiowajua, na siku moja anarudi na jeraha. Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinapoingia kijijini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukimlea mtoto wa mbwa vizuri umewalinda pia watoto wako na wa jirani.

WIKI TATU ZA MWANZO: MAZIWA YA MAMA TU

Tuseme mbwa wako amezaa watoto sita chini ya ghala la mahindi. Alibeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi. Watoto wamezaliwa hawaoni wala hawasikii. Macho yatafunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Katika muda huu usiwape kitu chochote. Maziwa ya mama yao yanatosha, na hakuna maziwa mengine yanayolingana nayo. Maziwa ya mbwa yana mafuta na chakula cha kujenga mwili mara mbili hivi kuliko maziwa ya ng'ombe, lakini sukari yake ni kidogo. Ndiyo maana ukiwamiminia watoto wa mbwa maziwa ya ng'ombe, wanahara: sukari ile matumbo yao hayaiwezi, na nguvu waliyoihitaji hawaipati.

Kazi yako wakati huu ni mbili. Kwanza, kuwakinga na baridi na unyevu. Watoto wachanga wa mbwa hawawezi kujipasha joto wenyewe. Huko juu, mwezi wa Juni na Julai ukungu hushuka tangu alasiri na usiku ni baridi kali. Watandikie majani makavu ya migomba au magunia makavu, uyabadilishe yakilowa, na uzibe upande unaoingiza upepo.

Pili, kumlisha mama. Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa halihitaji somo hili: ukipunguza majani leo, ndoo inapungua kesho. Mbwa ni vivyo hivyo. Katika wiki ya tatu na ya nne baada ya kuzaa ndipo anapotoa maziwa mengi kuliko wakati wowote. Akiwa na watoto wengi anahitaji chakula mara mbili, hata mara tatu, ya kile anachokula siku za kawaida, na maji safi mchana kutwa. Usimpe chote mara moja. Mgawie mara tatu au nne kwa siku. Na ukimwona anahema upesi, anatetemeka na miguu inakakamaa, usingoje asubuhi. Damu yake imepungukiwa chokaa, kama ng'ombe anavyopatwa na homa ya maziwa. Watenge watoto naye, kisha umwite mtaalamu wa mifugo saa ile ile.

UTAJUAJE KWAMBA WAKO TAYARI?

Usihesabu siku peke yake, watazame. Wakikaribia wiki nne wanatembea, wanachezeana, na meno madogo makali kama sindano yameanza kutoka. Mama naye anachoka. Meno yanamwuma, kucha zinamkwaruza, kwa hiyo anainuka na kuondoka kabla hawajashiba. Utawaona wanamlamba mdomoni akitoka kula. Pengine mama atatapika chakula alichokula, na watoto wakakimbilia kukila. Usimpige wala usidhani ni mgonjwa. Ndivyo mbwa tangu zamani walivyowaachisha watoto wao ziwa wenyewe, na anakuambia kwamba saa imefika.

Basi ukiona dalili hizo, kati ya wiki ya tatu na nusu na ya nne, anza. Ukianza kabla, tumbo halijawa tayari. Ukichelewa sana, mama atakonda na watoto watadumaa, kwa sababu maziwa hayatoshi tena. Lengo ni kwamba watakapofika wiki ya saba au ya nane, wawe wanakula chakula kigumu peke yake.

SIKU YA KWANZA YA KULA

Mtoe mama kwa muda wa saa moja hivi, ili watoto waone njaa kidogo. Chukua sinia, au kifuniko kipana cha sufuria kilichogeuzwa. Usitumie bakuli refu: mtoto ataingiza pua, atapaliwa, na pengine chakula kitaingia mapafuni. Weka uji mwepesi wa vuguvugu. Uonje kwa mgongo wa mkono kama unavyoonja uji wa mtoto mchanga.

Chovya kidole, umpake mtoto kidogo mdomoni. Atalamba. Mpake tena, halafu sogeza kidole polepole mpaka kwenye sinia. Usimkamate kichwa ukamsukuma ndani ya uji, atauogopa. Siku hiyo ya kwanza wataukanyaga, wataulalia, watajipaka mpaka masikioni. Usikasirike. Wakimaliza, mrudishe mama, naye atawalamba wote mpaka wawe safi, kisha atawanyonyesha.

Katika wale sita, kwa kawaida yupo mmoja mdogo kuliko wenzake, anayesukumwa pembeni. Huyo ndiye anayekufa kwanza. Mpe zamu yake peke yake, kwenye kifuniko chake, kabla ya wengine. Dakika tano tu kila mlo, na mwishoni hutamtofautisha na ndugu zake.

RATIBA YA KILA WIKI

Wiki ya nne: uji mwepesi mara moja kwa siku kwa siku tatu, halafu mara mbili. Muda mwingine wote wananyonya.

Wiki ya tano: uji mzito mara tatu kwa siku. Mama akae mbali nao saa chache za mchana, arudi jioni.

Wiki ya sita: chakula kiwe kizito kama ugali laini uliopondwa, mara nne kwa siku: alfajiri, saa nne, alasiri, na kabla ya kulala. Wananyonya usiku tu.

Wiki ya saba na ya nane: ugali uliochanganywa na vipande vidogo vya nyama au samaki, bado mara nne kwa siku. Kunyonya kunakwisha polepole.

Baada ya hapo wape mara nne mpaka miezi miwili itimie, mara tatu mpaka miezi minne au mitano, kisha mara mbili. Tumbo la mtoto wa mbwa ni dogo na mwili wake unakua upesi. Ukimpa mlo mmoja mkubwa wa jioni kama mbwa mzima, atavimbiwa usiku na kushinda na njaa mchana.

Tangu siku ya kwanza ya uji, weka maji safi karibu, katika chombo kifupi. Watu wengi husahau, eti uji una maji. Haitoshi.

Wakianza kuhara baada ya kubadilisha chakula, rudi hatua moja nyuma. Kama ulikuwa umefika kwenye uji mzito, rudi kwenye mwepesi kwa siku mbili. Lakini ukiona damu, au mtoto anatapika na kulegea, hiyo siyo kazi ya uji tena. Mpeleke kwa Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

NAMNA YA KUPIKA

Sote tunayajua yale mafungu matatu ya chakula: cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Mtoto wa mbwa anayataka yote, lakini la kujenga mwili analitaka zaidi. Kosa kubwa hapa kwetu ni ugali mtupu, au makoko ya sufuria na maji ya moto. Tumbo linajaa, lakini mifupa na misuli haijengeki. Mtoto anakuwa na matege, manyoya hafifu na tumbo kubwa. Ndizi za kupika nazo ni nzuri kwa kutia nguvu, lakini haziujengi mwili.

Fuata kipimo hiki kwa watoto sita, kwa siku moja, katika wiki ya tano wakiwa bado wananyonya:

Unga wa dona, vikombe viwili vya chai.
Dagaa wakavu waliosagwa au kutwangwa, kikombe kimoja.
Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chakula.
Boga, karoti au mchicha uliokatwa, kiganja kimoja.

Chemsha maji, tia unga uliokorogwa kwa maji baridi, halafu dagaa, mafuta na mboga. Pika mpaka uive kabisa, maana unga usioiva huwasumbua matumbo. Acha upoe mpaka uwe vuguvugu. Wakifika wiki ya saba, na maziwa ya mama yamekwisha, ongeza kipimo mara mbili, bila kubadilisha ule uwiano: unga sehemu mbili, dagaa sehemu moja. Mtoto akiwa na mbavu zinazoonekana, ongeza. Akibakiza chakula, punguza.

Nimetaja dagaa kwa sababu wanapatikana sokoni, Mbuyuni pale Moshi mjini na katika magulio ya huku juu, na kwa sababu dagaa analiwa mzima pamoja na mifupa yake. Mifupa hiyo ndiyo yenye chokaa ya kujenga mifupa ya mtoto. Wapepete mchanga kwanza, uwaoshe. Kama ni dagaa wa chumvi, waloweke na umwage maji hayo. Siku isiyokuwa na dagaa, tumia yai lililochemshwa na kupondwa, damu ya machinjioni iliyopikwa ikaganda, au mapafu na bandama kutoka buchani, vikichemshwa vizuri na kukatwa vidogo. Ukitumia nyama isiyo na mifupa, saga ganda la yai lililochemshwa na kukaushwa mpaka liwe unga laini, uchanganye kijiko kidogo kimoja katika sufuria ile.

Maziwa mgando unaweza kuyatia vijiko vichache katika uji. Matumbo yao huyavumilia kuliko maziwa mabichi. Chumvi usitie. Vitunguu usitie hata kidogo, viwe vibichi au vilivyokaangwa, kwa kuwa vinaharibu damu ya mbwa. Kwa hiyo pakua chakula chao kabla hujaunga mchuzi wa nyumbani.

Ninyi mlioko tambarare, kuanzia Himo mpaka chini kabisa, kumbukeni joto. Uji wa asubuhi unachacha kabla ya alasiri. Pika mara mbili, au uhifadhi mahali penye ubaridi. Kilichobaki kwenye sinia baada ya nusu saa kiondoe; kisiwe makao ya nzi.

MAMBO YA HATARI YALIYOMO KIHAMBANI

La kwanza ni mahindi yaliyoota ukungu. Wapo wasemao, "Haya hayafai kwa watu, wape mbwa." Ndugu mkulima, sumu ya ukungu huo, iitwayo aflatoksini, huharibu ini la mbwa upesi sana. Na isitoshe, ni sumu kwako wewe pia. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 68 waliripotiwa kuugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao wakafariki. Mahindi yaliyooza usimpe mbwa, usimpe kuku, usimpe ng'ombe. Yateketeze.

La pili ni kahawa. Maganda na buni zilizoachwa karibu na mashine ya kukobolea zina kitu kinachousukuma moyo wa mbwa mpaka ukashindwa. Mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu, kwa hiyo mfungie mbali siku za kukoboa.

La tatu ni makopo ya dawa. Kopo lililokuwa na mrututu au dawa ya wadudu wa kahawa lisiwe sinia la mbwa, hata ulioshe mara saba.

La nne ni machicha ya mbege. Nguruwe na ng'ombe wanayafaidi, lakini kwa mtoto wa mbwa kileo ni sumu. Na yule kijana anayemnywesha mbwa mbege ili watu wacheke, mwambie aache.

La tano ni mifupa ya kuku iliyopikwa, na kokwa za parachichi. Mfupa unapasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Kokwa inaziba njia.

La sita ni nyama mbichi na vichwa vya mbuzi. Eti mtoto akila nyama mbichi au pilipili atakuwa mkali! Pilipili itamchoma tumbo tu. Na nyama mbichi ina ubaya wake. Mbuzi akichinjwa nyumbani, mapafu au ini lenye mafundo ya maji, au kichwa chenye ubongo, vikitupiwa mbwa, mbwa anapata tegu. Mayai ya tegu yanatoka katika mavi yake, yanaingia katika majani, mbuzi wanayala. Wafugaji wa upande wa Ngorongoro wanaujua ugonjwa wa mbuzi anayezunguka-zunguka mpaka akaanguka. Chanzo chake ni tegu wa mbwa. Na yale mafundo ya maji humpata hata binadamu. Kwa hiyo kiungo chenye mafundo kichome moto au kizike shimo refu. Kilicho kizima kipike.

MINYOO

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto wa mbwa huanza kupata minyoo ya duara akiwa bado tumboni mwa mama yake, halafu anapata mingine katika maziwa. Unaweza kumpa dagaa na mayai kila siku, ukawa unailisha minyoo. Dalili zake ni tumbo lililovimba baada ya kula, manyoya yasiyong'aa, kikohozi, na pengine minyoo kama nyuzi nyeupe katika matapishi au mavi.

Wape dawa wakiwa na wiki 2, kisha wiki 4, 6 na 8. Halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Mama naye apewe siku hizo hizo za mwanzo. Dawa iwe ya mbwa, na kipimo kifuate uzito. Usichukue dawa ya mbuzi ukakadiria kwa macho. Vile vile dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe usimwogeshee mtoto wa mbwa. Ngozi yake ni laini, na anajilamba. Viroboto na kupe watoe kwa mkono, na uulize dawa inayofaa umri wake.

Zoa mavi yao kila siku, uyafukie mbali na bustani ya mboga na mahali wanapochezea watoto. Mayai ya minyoo hiyo yakiingia mdomoni mwa mtoto wa binadamu, viluwiluwi vyake vinaweza kufika mpaka jichoni na kumharibia macho. Wafundishe watoto kunawa mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa.

CHANJO

Kinga ambayo watoto waliipata katika maziwa ya kwanza ya mama huanza kupungua wakati huu huu wa kuachishwa ziwa. Ndipo magonjwa yanapopata nafasi. Mojawapo ni parvo, ugonjwa wa kuhara damu ulioanza kujulikana duniani mwaka 1978. Mwingine ni distempa. Ndio huo uliowaua simba wa Serengeti mwaka 1994, kiasi cha theluthi moja yao. Kama una uwezo, zungumza na mtaalamu wa mifugo juu ya chanjo ya magonjwa hayo tangu wiki ya 6 au ya 8.

Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa, hiyo haina "kama una uwezo." Kwa kawaida hutolewa mtoto anapofika miezi 3. Lakini ikitangazwa siku ya chanjo kijijini kwenu, wachukue hata wale wadogo, usiwaache nyumbani eti hawajafika umri. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe pia, kisha warudiwe kwa wakati wake. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Watoto wadogo wakiachwa, hesabu hiyo haifiki.

Na mtu akiumwa na mbwa, hata na kale kadogo ka miezi miwili, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake dawa za kienyeji ukakaa.

MAMA WA WATOTO

Kadiri watoto wanavyopunguza kunyonya, mpunguzie mama chakula polepole katika wiki ya sita na ya saba mpaka afikie cha kawaida, ili maziwa yakauke. Usiwaondoe watoto wote siku moja. Matiti yatajaa na kuvimba. Yapapase kila siku. Titi likiwa la moto, gumu, jekundu, au likitoa maziwa yenye usaha, huo ni ugonjwa ule ule wa kiwele unaoujua kwa ng'ombe. Unahitaji tiba.

KUWAGAWA

Majirani wataanza kuja tangu wiki ya nne. "Nipe huyo mweusi nimzoeshe mapema." Mkatalie kwa upole. Mtoto aliyeondolewa kabla ya wiki nane hajajua kula vizuri, na hajafundishwa na mama na ndugu zake kutouma kwa nguvu. Mwambie jirani, "Huyo ni wako, lakini mngoje." Wakati anangoja, watoto wazoeshwe sauti za watu, kuku, mbuzi na ng'ombe, na washikwe kwa upole kila siku. Mbwa aliyefungiwa gizani tangu utoto huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma hata wenye nyumba.

Siku ya kumkabidhi, mpe jirani kipande cha gunia alilolalia mtoto, apate harufu ya kwao usiku wa kwanza, na chakula cha siku tatu alichokizoea. Mweleze kipimo cha unga na dagaa, na tarehe ya mwisho ya dawa ya minyoo.

Na kama majirani hawatoshi? Hapo lazima tuambizane kweli. Kuna wanaowatia watoto wa mbwa katika gunia na kuwaacha kando ya barabara au sokoni. Wengi hufa kwa njaa, na wanaopona ndio mbwa wazururaji watakaokutana na mwanao akienda shule. Kabla mbwa wako hajapata mimba nyingine, hesabu sahani zako. Kama huwezi kulisha watoto sita kwa wiki nane, mwombe mtaalamu amfunge kizazi. Ni gharama ya siku moja tu.

KWA UFUPI

Basi, ndugu mkulima, shika haya. Anza uji wakikaribia wiki nne. Tumia sinia fupi. Unga sehemu mbili, dagaa sehemu moja, vyote vipikwe. Ongeza uzito wa chakula kidogo kidogo. Maji yawepo. Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8. Usimtoe mtoto kwa mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa usiikose. Na yule mdogo wa mwisho, mpe zamu yake kwanza.

Kama mbwa wako amezaa juma hili, hesabu siku leo hii, uandike ukutani tarehe ya dawa ya kwanza. Jambo usilolielewa, muulize Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wa kata yako. Ndiyo kazi yake.